Suruali Isiyo na Akiba

Changamwe, baada ya alasiri

Mwanangu Swaleh,

Salamu utanipa mwenyewe kesho ukiniamkia, nami nitakuitikia. Karatasi ni chache, sitaki kuzimaliza kwa kuulizana hali na mtu anayelala chumba cha pili.

Kabla hujaondoka sharti ulijue jambo moja. Katika mafundi wote wa cherehani, kuanzia Miritini hadi kivukoni Likoni, ni mmoja tu ambaye kiuno chake hakijaongezeka hata inchi tangu siku aliyooa. Inchi ishirini na tisa. Ndiye mimi babako. Suruali niliyoivaa siku ya pili ya harusi yangu ndiyo niliyoivaa leo, na yanitosha.

Urongo. Suruali ni ile ile, hapo sikudanganya. Lakini nimeifumua mara nne, na mara ya tano kitambaa cha ndani kilikwisha, nikatia kiraka cha pembe tatu nyuma, pale ambapo koti hufunika. Hata mamako hakijui kiraka hicho. Akijua, ni wewe umemwambia.

Mmekwenda Jomvu Kuu, wewe na yeye, kumuaga shangazi yako. Mimi nimesema goti linaniuma. Goti haliniumi. Hakuna kinachoniuma, na habari hiyo ndiyo ninayotaka kukuandikia, ila nitaizunguka kwanza kama paka anavyozunguka sahani, maana sijui kuifikia moja kwa moja.

Mambo ya kuswali kwa wakati, na kutandika kitanda, na kutomwachia mtu sanduku lako, mamako atakupa njia nzima hadi stesheni, kisha atayarudia dirishani mwa gari la moshi mpaka magurudumu yamnyamazishe. Siyagusi. Mimi niliingia shule miezi minane nikafukuzwa kwa kucheka, na dunia hii nimejifunza kitu kimoja tu: kiuno cha mwanamume. Nimepima masheikh, makuli wa bandarini, makarani, hata padri mmoja wa Rabai aliyekuwa akitekenyeka. Nimekumbatia wanaume wengi kuliko mwanamke yeyote wa mji huu, na wote walinishukuru. Basi nisikilize katika hilo, mengine nipuuze.

Nilipokwenda kuposa nilikuwa mwembamba kama mwiko. Babu yako mzaa mama alinitazama toka juu hadi chini, akawaambia wazee wenzake, "Naona fimbo imefika. Mwenye fimbo yu wapi?" Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Siku ya harusi nikajifunga leso mbili tumboni, ndani ya kanzu, nikaingia nikitanguliwa na kitambi kama kadhi. Wakanisifu. "Bwana harusi ana mwili!" Mamako alipozikuta zile leso alicheka peke yake hadi nikaona haya, kisha akazitwaa, zikawa zake.

Tangu hapo, mimi na yeye tulikuwa tukilitafuta tumbo kama watu wanavyotafuta mtoto. Alikuwa akinipakulia wali wa nazi, na nikisema nimeshiba, anasema, "Wataka watu waseme simlishi mume wangu?" Asubuhi mahamri na mbaazi, magharibi chai, na chai yenyewe kijiko husimama ndani yake. Na kazi yangu unaijua, ni kukaa. Tumbo likaja. Lilikuja peke yake, halikuleta jamaa: mikono ilibaki ile ile ya mwiko, miguu ile ile ya korongo, na usoni hakuna aliyejua kitu. Mtu akinitazama kwa nyuma alimwona kijana.

Sasa nikutajie Ami yako Faraji.

Wewe ulimjua kama mzee aliyekuwa akikupa vipande vya mbata mfukoni. Alikuwa mpima magunia katika ghala la mbata, hapa chini karibu na reli, na mimi na yeye tulikuwa na ada yetu. Kila Idd, watu wakishaswali na kupeana mikono, tunateremka ghalani na kanzu zetu mpya, tunapanda mizani ya magunia mmoja mmoja. Wewe mwenyewe nilikupandisha ukiwa huzidi kuku watatu. Faraji alikuwa akivisukuma vile vyuma vya mizani kwa kidole kimoja, kwa madaha, halafu anapiga ukelele kama dalali wa mnada:

"Frasila nne! Kama mwaka jana, kama mwaka juzi! Mbata hukauka ikapungua, yakhe. Mimi sikauki wala sirowi!"

Na ni kweli. Idd baada ya Idd, frasila nne. Mimi nami vivyo hivyo, ratili moja huku au huku. Tulirudi nyumbani tumevimba vichwa, tukiwacheka wale matajiri wanene wanaohema wakipanda ngazi. Sisi tulikuwa na mizani, na mizani ilisema hatujambo.

Lakini tepu yangu haikukubaliana na mizani yake.

Alikuwa akija kibarazani na suruali yake ya khaki begani. "Fundi, kitambaa chako kimerudi tena, kimepungua. Hakifai kutiwa maji."

"Naam, kimerudi," nasema. "Khaki za siku hizi, tangu vita, wanazifuma na nini sijui."

"Nipe nafasi kidogo basi."

Nampima. Tepu inasema thelathini na tano, mimi naandika daftarini thelathini na mbili, kama kawaida yake, naye anachungulia juu ya bega langu na kuridhika. "Thelathini na mbili! Kijana huyo!" Mara ya kwanza nilifanya kwa adabu. Mtu ni rafiki yako, kaja na furaha yake, utamwambiaje? Baadaye nilifanya kwa sababu asubuhi ile ile nilikuwa nimefumua ya kwangu. Nikimwambia yeye, nitakuwa nimejiambia mimi.

Unajua fundi hufanyaje. Tukikata suruali ya mtu mzima tunabakiza kitambaa ndani ya mshono wa nyuma, vidole viwili vitatu, ndiyo akiba. Mteja haioni. Akinenepa tunafumua, tunatoa kidogo, tunashona tena, anavaa anatembea. Ni heshima ya kazi yetu, na mteja mzuri hasahau fundi anayembakizia. Mtu asiye fundi, nguo ikimbana huambiwa na nguo. Mimi nilikuwa na mkasi, na nguo yangu haikuwahi kuniambia kitu. Wala ya Faraji.

Ustadh aliyenifunza kazi hakujua nambari. Alikuwa akipima kwa uzi. Anakata uzi wa urefu wa mtu, toka utosini hadi kisiginoni, anaukunja katikati, halafu ule uliokunjwa anauzungusha kiunoni, juu ya kitovu. Ncha zikikutana na kupishana, anasema, "Huyu anakula chakula." Zisipokutana anasema polepole, "Huyu chakula chamla," na anakwenda zake kutafuta mkasi. Mimi nilimcheka. Nilikuwa na tepu ya Kizungu yenye nambari nyeusi, nikamwona mshamba.

Faraji alifariki wiki mbili kabla ya Ramadhani, mwaka ule ulipokwenda kwa shangazi yako. Alikuwa akilalamika kiu muda mrefu. Tulimtania kwamba amefunga ndoa na mtungi. Siku ile alikaa juu ya magunia matupu kando ya mizani, akaomba maji, na yalipoletwa hakuyanyooshea mkono. Ndivyo walivyonieleza. Mimi nilikuja na kitambaa.

Nilimkatia sanda. Nilifanya kazi hiyo vizuri, na sikulia. Watu walinisifu kwa moyo wangu, wakasema huyu ndiye mwanamume. Swaleh, haikuwa moyo. Nilisimama pale nikawa kama ninatazama duka la mtu mwingine kupitia dirishani. Jambo moja tu ninalikumbuka: sanda haina kiuno, na mkono wangu ulikuwa ukikitafuta.

Baada ya eda mjane wake akaniletea ile khaki, nimpunguzie mpwa wake. Nikaanza kufumua. Kitambaa kinaposhonwa, sindano huacha matundu, na khaki haisahau. Pale nyuma palikuwa na mistari mitano ya matundu, mmoja pembeni ya mwingine. Kila mstari nilikumbuka siku yake na mzaha tuliofanya. Daftari langu lina thelathini na mbili mara tano, na ile suruali ina mistari mitano. Sikujua kwamba nilikuwa nikiandika mahali pawili.

Mamako akatokea mlangoni. "Mbona umeipakata suruali ya marehemu kama mtoto?"

"Nafumua."

"Hufumui. Mkasi uko chini, na uko chini ya mguu wako."

Nikatazama. Kweli, nilikuwa nimeukanyaga mkasi, ncha juu, na damu ilikuwa imefika mlangoni alipo yeye. Sikuwa nimesikia kitu.

Hapo ndipo ulipo mwanzo wa habari yangu. Wewe uliambiwa nimejikata. Hukuambiwa kwamba sikujua.

Baada ya hapo nikaanza kujichunguza kwa siri, kama mtu anayepeleleza mke. Ile Ijumaa niliyorudi toka msikitini na kubadhi moja, watoto wote wa mtaa wakanifuata wakiimba, nikawapungia mkono, nikadhani wananipenda? Nilikuwa nimelidondosha jingine tangu kwenye reli. Nimetembea juu ya kokoto mguu mtupu na sina habari. Nikawaambia nimeweka nadhiri. Na huko nyuma ya choo, pale nipendapo kusimama alfajiri, sisimizi walikuwa wakifanya harusi. Wanakuja kwa safu toka kwa jirani. Mamako akasema, "Wewe bwana, unamwaga nini huku?"

Nikaenda zahanati. Dresa, yule msaidizi wa daktari, ni kijana wa bara, mpole. Akachukua mkojo wangu akauchemsha kwenye kichupa na dawa yake, ukabadilika rangi kama chai ya maziwa.

"Mzee, una sukari."

"Hiyo ni kesi," nikamwambia. "Wakati wa vita serikali ilitupimia sukari kwa kadi, nami nilikuwa naimwaga kichakani. Usinishitaki."

Hakucheka. Akanishika mkono, akauzungushia vidole vyake viwili na vikakutana. "Lakini wewe si mnene, mzee. Mimi nilidhani maradhi haya ni ya wanene."

"Mimi pia," nikasema. "Nilipimwa Idd hii. Frasila nne." Nilijisikia nikisema kwa sauti ya Faraji.

Hayo mengine dresa hakuniambia, nimeyaunganisha mwenyewe, na fundi huweza kukosea kushona. Lakini nilirudi nyumbani nikakata uzi wa urefu wangu, nikaukunja, nikauzungusha. Ulipungua kiganja kizima. Kisha nikachukua daftari la wateja, lile la kweli lililo kichwani mwangu, si la maandishi, nikaanza kuwapitia wale ambao uzi wao haungekutana. Faraji. Yule karani wa forodha aliyeanguka bafuni. Mwalimu wa chuo mwenye miguu ya kuku. Watu wembamba, Swaleh! Watu ambao ungewapa chakula kwa huruma. Sisemi wote. Yuko mzee mmoja wa Kisauni, jina namfichia, uzi wake haukutani tangu nikiwa kijana, na mpaka leo anakula halua na kunitukana kuhusu mifuko. Mungu hafuati tepu ya mtu. Lakini mimi sasa nikimpima mtu mwembamba mwenye tumbo, mkono wangu huwa baridi.

Nimejirekebisha kidogo. Mamako amenipunguzia wali, huku akinuna kama nimemwacha. Chai nanywa tungu, bila sukari, kama kahawa. Kila nikimaliza kula natembea hadi njia ya Jomvu na kurudi, watu wanadhani nina mke wa pili huko, nami siwakatazi. Kiuno kimerudi inchi mbili. Mguu haukurudi. Cherehani nayo, huwa natazama miguu yangu ili nijue kama inakanyaga. Kama siitazami, naiskiza mashine.

Basi wiki iliyopita ukaja kupimwa suruali ya safari. Nilifurahi, wallahi. Umepata kazi ya ukarani Nakuru, kazi ya kiti na kivuli, umevaa shati jeupe, umesimama mbele yangu na mikono yako miembamba ya ukoo wetu. Nikakupima mguu, nikakupima nyonga, nikafika kiunoni. Nikarudia kupima.

"Vipi baba?"

"Thelathini na sita."

Ukacheka. "Haiwezi. Mimi nimepanda mizani juzi, uzito wangu ni ule ule tangu Idd mbili zilizopita. Tepu yako imezeeka kama mwenyewe."

Nikachukua uzi. Ukanitania ninakupimia kaburi. Ncha hazikukutana, mwanangu. Zilipungukiwa na vidole vitatu. Na wewe ukasema, kwa ile sauti nzuri uliyorithi kwa mamako, "Andika thelathini na mbili, baba, kama siku zote. Halafu nibakizie kitambaa ndani."

Nilishika kalamu. Niliandika thelathini na sita. Ukakasirika kidogo, ukaondoka bila kumaliza kahawa yako, na tangu siku hiyo tumekuwa tukizungumza habari za sanduku tu.

Nilitaka kukwambia haya yote kwa mdomo. Nimejaribu. Kila nikifungua kinywa hutoka mzaha, unanijua. Na kuna jambo jingine, ambalo hata mzaha sina. Kesho mwanangu wa pekee anapanda gari la moshi, na mimi tangu asubuhi najibonyeza hapa na pale, moyoni, kama ninavyojibonyeza unyayo, nione kama pana maumivu. Naona kwamba yapo. Naona kama nilivyoiona ile damu ilipofika mlangoni. Siyasikii. Mamako, kabla hamjaondoka, alilia jikoni na kunilaumu kwamba mimi ni jiwe. Usifikiri hivyo wewe.

Suruali iko juu ya sanduku lako. Nimeishona kwa mkono upindoni, mashine sikuiamini. Ni thelathini na sita, inakukaa, utapendeza. Lakini ukiigeuza ndani utaona: sikubakiza kitambaa. Mshono umeshika ukingo kabisa, hata unywele haupiti. Fundi yeyote wa huko Nakuru ukimpelekea akutolee nafasi, atatafuta na hatapata, atasema aliyeshona hii ama alikuwa bahili ama hajui kazi. Mwache aseme. Siku itakapokubana itakuwa imekubana, na hakuna atakayekuficha. Ikianza kukulegea, funga mshipi, na uniandikie; hiyo ndiyo barua nitakayoisoma mara mbili. Ule uzi wako nimeuviringisha kwenye kadi, uko mfuko wa nyuma. Si hirizi. Ni uzi.

Na barua hii nimeitia mfuko wa mbele, ili uikute alfajiri unapovaa, kabla hujafunga vifungo.

Sasa ukiwa umesimama hapo umeshika karatasi, nikukumbushe deni. Ulikuwa na miaka saba, ulikanyaga mwiba wa mgunga kule Jomvu, ukavimba, ukakataa mtu yeyote kukugusa. Nikakukalisha juu ya meza ya kukatia, nikautoa kwa sindano nyembamba kuliko zote nilizonazo, nikikusimulia habari ya padri anayetekenyeka. Ulipomaliza kulia ulinipa mkono kama mtu mzima, ukasema, "Na wewe baba ukichomwa, nitakutoa mimi." Hujanilipa.

Jana kikopo cha pini kilianguka. Zilikuwa kumi na mbili mpya. Nimeokota kumi na moja. Nimefagia, nimepapasa mkeka, haipo. Nyayo zangu siwezi kuzipinda nikaziona, na mamako macho yake hayaoni pini, yanaona makosa yangu tu. Tena nikimwambia mtaa wote utajua kabla ya jua.

Gari halipiti mpaka saa mbili. Nitakuwa kibarazani, nimekaa, miguu nimeinyoosha. Njoo na taa, unitazame unyayo mmoja, kisha wa pili, taratibu, hata katikati ya vidole. Ukiiona, ivute.

Usiogope kuniumiza.

Babako